Dola 68 kwa tambi, na bwana yangu amenyamaza

«Yaya, tulitimiza miaka kumi ya ndoa, bwana yangu akanipeleka kwenye mgahawa wa Kiitaliano hapa Lubumbashi. Tambi sahani mbili, pizza moja, maji na divai: dola 68! Tambi zenyewe hazijai kiganja. Nikasema mbele ya mhudumu kwamba kwa makuta hayo tungekula bukari na samaki wiki mbili. Tangu siku hiyo bwana ananipa salamu tu. Kosa langu ni lipi, kama kweli walituibia?» Mama wa Katuba

Mdogo wangu, nianze na sahani, maana hapo una haki nusu.

Waitalia hawali tambi kama sisi tunavyokula bukari. Kwao ni chakula cha kwanza tu, gramu 80 hadi 100 zikiwa bado kavu. Nyama au samaki huja baadaye, kwenye sahani nyingine. Kwa hiyo udogo ule si wizi. Jibini la Parmigiano Reggiano nalo hulazwa miezi 12 kwa uchache kabla ya kuuzwa, ndipo lianze safari ya kuja huku kwetu. Hilo mimi nalilipia bila kinyongo.

Pizza ni habari nyingine. Unga, maji, chumvi, nyanya: hapo unalipia moto na mkono wa mpishi. Ya Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 485, ukingo ukavimba na kupata madoa meusi. Yako ilikuwa hivyo, au ilikuja imekauka? Na kama tambi zilikuwa carbonara zinazoogelea kwenye krimu, ujue Roma huzipika kwa mayai, jibini la maziwa ya kondoo, nyama ya shavu la nguruwe na pilipili manga. Krimu haimo. Ungemwita mhudumu ukamwambia hayo polepole, nami ningekuunga mkono.

Lakini hukusema hayo. Ulihesabu bukari. Miaka kumi unasonga wewe, moshi wa makala machoni mwako, na jioni ile moja bwana alitaka uketi, mtu mwingine akuletee sahani. Huenda alizificha dola hizo miezi mingi. Ukamwambia, mgeni akisikia, kwamba hajui kutumia makuta. Imeniuma mimi niliyesoma tu.

Usimpikie chakula anachopenda ukadhani kitasema badala yako. Mwambie wewe mwenyewe: «Baba, nilikukosea kusema vile mbele ya watu.» Kama ulikuwa unawaza minervali, yaani karo ya shule ya watoto, mwambie hilo pia, kwa sababu yeye hakuliona, aliona hasira tu. Kisha umuulize kwa nini alichagua pale.

Mkirudi siku nyingine, someni bei pamoja kabla ya kuketi, na pizza moja mgawane. Ila hayo yatangoja. Zungumza naye leo, kabla hajalala.