Jibu: Visahani vyangu vinagonga miti tu

Ndugu, umeuliza kuhusu gofu ya visahani, ule mchezo wa kurusha kisahani hadi kiingie kikapuni: ubebe visahani vingapi kwenye vile vikapu sita vilivyo kati ya mikaratusi huku Njoro, na mbona kila ukirusha unagonga mti. Viwili vinatosha: cha kulengea kikapu na cha masafa ya kati. Vile vya kasi, vyenye ukingo mpana na mkali, viache nyumbani.

Kosa langu lilikuwa kukodolea macho miti. Tafuta mwanya, hata ukiwa pembeni, urushe kwa nusu ya nguvu. Juzi nilirusha kwa hasira, kikagonga shina, paa! kikarudi nyuma yangu, mbwa wa mwenye shamba akanusurika kidogo tu.

Ukivutia kisahani kifuani na kukirusha kwa mkono wa kulia, mwishoni hupinda kushoto. Nakuru ni zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo kinapinda zaidi. Anzia kulia kidogo.

Kikipotea, sheria inakupa dakika 3 kukitafuta, kisha unaongezewa pigo moja na kurudi uliporushia. Na tafadhali usinunue cha kahawia. Majani makavu yatakimeza ukitazama. Changu ni cha waridi, wanicheke tu.