Kabla ya kulaumu dawa, kagua gurudumu

Mafundi wengi shaba ikikataa kung'aa hulaumu dawa ya kung'arishia, ile inayopakwa kwenye gurudumu linalozungushwa na mota. Wanatoka kwa ya kahawia wanaenda kwa nyeupe, wanamaliza pesa, na mikwaruzo iko palepale. Dawa haiondoi alama ya tupa. Alama hiyo huondolewa na gurudumu lililopakwa gundi na kuviringishwa kwenye unga wa msasa, na hilo ndilo watu hulitengeneza mbiombio. Mimi kazi yangu ni bangili na vishikio vya milango, shaba ya makufuli na mifereji kuukuu iliyoyeyushwa, kwa hivyo nitasema ninachokijua upande huo.

Anza na gurudumu lenyewe. Chukua la kitambaa kilichoshonwa duara kwa duara, au la feliti (sufu iliyoshindiliwa ikawa nene), na liwe halijawahi kuguswa na dawa yoyote. Dawa za kung'arishia zina mafuta, na gundi haishiki penye mafuta. Gurudumu la zamani ulilolitumia na dawa ya kahawia libaki na kazi yake hiyo hiyo.

Gundi nayo ni mjadala. Ile nyeupe ya maseremala inapatikana kila duka la hadwea, na wengi huitumia kwa sababu iko karibu. Ubaya wake ni kwamba hulainika ikipata joto, na gurudumu likifanya kazi lazima lipate joto, basi punje zinang'oka moja moja. Gundi ya ngozi, ile ya punje za kahawia, hustahimili zaidi. Iloweke kwenye maji baridi mpaka ifure, kisha uipashe ndani ya sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine ya maji. Nyuzi 60 zinatosha. Ikichemka nguvu yake imekufa, hata kama kwa macho inaonekana nzuri tu. Kuna pia gundi za viwandani za kupaka baridi, zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa. Ukizipata, chukua, zitakuondolea shughuli ya jiko.

Mpako wa kwanza uwe mwepesi, wa kuziba vitundu vya kitambaa tu, bila msasa. Uache ukauke. Wa pili uwe mzito kama uji, na hapo ndipo unaliviringisha gurudumu kwenye trei ya unga wa msasa huku ukilikandamiza kwa uzito wa mwili, si kulipitisha juu juu. Msasa wa namba 120 unatosha kwa shaba iliyopigwa tupa. Wa 240, wenye punje ndogo zaidi, hufuata kwenye gurudumu jingine. Kwa gundi ya ngozi, unga uwe na joto kidogo, la sivyo gundi itaganda kabla haijaukumbatia. Rudia mpako mara moja zaidi, kisha uliache siku moja au mbili. Julai hapa Nairobi, na ile baridi na manyunyu yake, usiharakishe: likiwa kavu juu na bichi ndani, litameguka vipande ukiliwasha.

Likikauka, lipasue. Ndiyo, lipasue makusudi. Hapa ndipo wengi hunitazama kama nimechanganyikiwa. Gundi iliyokauka ni ganda gumu, na gurudumu halibonyei tena. Shika kipande cha bomba, upigepige uso wa gurudumu kwa mshazari, kisha mshazari wa upande wa pili, mpaka mipasuko ikatane na kufanya vijialmasi vidogo. Sasa uso unainama kufuata bangili, na joto linapungua. Gurudumu lisilopasuliwa huruka kigamba kikubwa, na kigamba hicho hutafuta jicho.

Kabla ya kuliwasha, lining'inize kwenye ekseli inayozunguka bila kukwama. Upande uleule ukirudi chini kila mara, ni mzito, punguza hapo. Mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika hulikimbiza gurudumu la inchi 8 kiasi cha mita 30 kwa sekunde pale ukingoni, kwa hiyo gramu chache zinatosha kuitetemesha benchi nzima. Simama kando dakika ya kwanza. Shikilia kitu unachong'arisha chini ya usawa wa katikati ya gurudumu, ukingo wake ukielekea chini, na usivae glavu zinazolegea. Mkufu usiuweke kabisa kwenye mota. Uzungushe kwenye ubao kwanza.

Ikifika zamu ya dawa, gusisha kidogo na mara kwa mara. Doa jeusi linalobaki kwenye shaba ni dawa iliyozidi, si uchafu wa madini. Gurudumu likiziba, likwangue kwa wembe wa msumeno wa chuma uliopachikwa kwenye ubao. Kila dawa na gurudumu lake, na andika jina kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Mimi huyahifadhi kwenye debe lenye kifuniko. Punje moja ya 120 ikiingia kwenye gurudumu la mwisho, unarudi mwanzo.

Wanaong'arisha sufuria za alumini wana tahadhari yao ya ziada: kazi hiyo isikaribiane na pale chuma kinaposagwa, maana vumbi la alumini likipata cheche linawaka. Lifagie kila jioni, usilisubirishe Jumamosi.