Usiziache fantasia na hadithi za kutisha kwa sababu ya vitabu vitatu

Ndugu msomaji, umesema kwamba riwaya tatu ulizosoma karibuni, moja ya fantasia, moja ya kutisha na moja ya kubuni ya kisayansi, hazikukugusa, nawe unauliza kama uachane nazo kabisa. Nakusihi usifanye hivyo. Anza na Frankenstein ya Mary Shelley, iliyochapishwa mwaka 1818, kwa sababu ndani yake hofu na sayansi hazijatenganishwa: kinachotisha zaidi si sura ya kiumbe anayeundwa na mwanasayansi, bali ni muumbaji huyo anayemkimbia kiumbe wake mwenyewe, na kiumbe huyo anapopewa nafasi ya kujieleza, msomaji hulazimika kupima upya kila alichokwisha kuamini.

Ulilalamikia fantasia yenye ramani, koo na vita visivyokwisha, na lalamiko hilo ni la haki. Jaribu A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, ambayo ni fupi na ambamo uchawi una kanuni: kulijua jina halisi la kitu ndiko kukitawala, na kivuli kinachomwandama kijana Ged kimetokana na kiburi chake mwenyewe.

Hata hivyo, kama utasoma kimoja tu, basi kiwe Kindred ya Octavia Butler (1979), ambamo Dana, mwanamke mweusi wa California mwaka 1976, anavutwa tena na tena hadi Maryland ya enzi za utumwa, pasipo mashine wala maelezo yoyote ya kisayansi. Kianze ukiwa na nafasi ya kutosha, maana ni vigumu kukiacha katikati.