Mafundi Wanajibu: Singo ya Roki kwa Maiki Mbili

SWALI: Wapendwa wahariri, tuko bendi ya watu wanne wa hapa Shangani, Mtwara. Tunapiga roki, hatuna lebo wala mfadhili. Tunataka kurekodi singo ya kwanza sebuleni, lakini kadi yetu ya sauti (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ina matundu mawili tu ya maiki. Drams tutazirekodije?
*Mpiga besi, Shangani*

JIBU: Matundu mawili yanatosha, ndugu, mradi msirekodi kila kitu kwa mpigo. Wekeni metronomu (kidude cha kugonga mapigo) kwenye tempo ya wimbo, kisha gita na sauti virekodiwe juujuu, mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni ya kumwongoza mpiga drams kwenye hedifoni, baadaye mtaifuta. Baada ya hapo drams zichukue matundu yote mawili, wengine wasubiri zamu.

Maiki ya kwanza ni ya kiki, ile ngoma kubwa ya mguu. Kama ngozi ya mbele ina tundu, ingizeni maiki humo. Ikisogezwa ndani karibu na nyundo, mtapata mlio mkali wa kugonga. Ikivutwa nje, mtapata uzito. Ya pili itundikeni kama mita moja juu ya snea (ngoma ndogo kali ya katikati), ielekee snea na si simbali, yale matoazi ya shaba. Sasa sikilizeni zote mbili kwa pamoja. Kiki ikikonda pale maiki ya juu inapofunguliwa, ujue mawimbi yanapingana: mlio uleule unazifikia maiki hizo kwa nyakati tofauti. Geuzeni polariti (mawimbi yapinduliwe juu chini) ya maiki moja kwenye programu ya kurekodi, mchague upande wenye kishindo kinene. Isipotengemaa, sogezeni maiki ya juu sentimita chache na mjaribu tena. Kagueni hili kabla ya kurekodi chochote cha kudumu.

Sebule nyingi zina dari fupi, na simbali hugonga dari na kurudi kwenye maiki zikiwa kali. Fungeni blanketi zito au godoro juu ya drams. Lakini dawa kubwa iko mikononi mwa mpigaji: snea aigonge kwa nguvu, simbali kwa wastani. Kwa maiki moja ya juu, hamtaweza kushusha simbali bila kushusha snea.

Rekodini kwa biti 24, na vilele vya sauti visipite dB -6 kwenye kipimo cha programu. Mtu akijua anarekodiwa hupiga kwa nguvu kuliko alipokuwa anajaribu, kwa hiyo acheni nafasi. Taa nyekundu ikiwaka, mlio umekatika kichwa na hauponi kwenye miksi. Bufa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa) iwe sampuli 128 wakati wa kurekodi ili mwimbaji asijisikie kwa kuchelewa. Wakati wa miksi ipandisheni hadi 1024 kompyuta isikwame.

Besi ichomekwe moja kwa moja kwenye kadi, na kitufe cha gita (huandikwa Inst au Hi-Z) kibonyezwe. Kisipobonyezwa, tundu huunyonya mlio na nyuzi zinasikika zimezibwa. Gita la ridhim lipigwe mara mbili, kushoto na kulia. Kunakili faili moja pande zote hakuongezi upana, kunaongeza sauti tu. Na punguzeni mkwaruzo (distoshoni) kuliko mnavyopenda mkiwa na gita peke yake. Tabaka mbili zenye mkwaruzo mwingi humeza mgongo wa besi na kugeuka uji.

Jingine ni majira. Chini ya bati, mvua ya masika haikupi hata dakika tatu za utulivu. Rekodini kati ya Juni na Septemba, mkifunga madirisha ya upande wa upepo wa kusi. Wimbo utoke Oktoba au Novemba, minada ya korosho inapoanza kuwaingizia watu fedha kule Newala na Tandahimba, maana onesho lenye kiingilio hujaa msimu huo.

SWALI: Gita langu la umeme linavuma nikilichomeka kwenye kompyuta mpakato, na halikai kwenye tuni. Ninaishi karibu na bahari.
*Dada mpiga gita, Lindi*

JIBU: Dada, kwanza chomoa chaja, utumie betri. Mvumo ukiisha, tatizo ni umeme: fundi aangalie waya wa ethi wa nyumba. Usikate pini ya ethi kamwe. Ndiyo inayokulinda na shoti. Mvumo ukibaki, geuka taratibu mahali ulipokaa. Pikapu za koili moja (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) hunasa mvumo wa Hz 50 wa umeme wetu, na kuna upande ambao hunyamaza.

Tuni: hewa ya chumvi hutia nyuzi kutu. Zifute kila umalizapo, na ufunge mpya siku moja kabla ya kurekodi, uzivute kwa mkono mpaka zitulie. Kisha linganisha uzi ulio wazi na freti ya 12. Freti ikiwa juu ya tuni, rudisha kitandiko cha uzi huo (kipande kinachoubeba kwenye daraja la gita) nyuma; ikiwa chini, kisogeze mbele.

SWALI: Singo imekamilika. Tuiachie vipi isikwame?
*Bendi, Masasi*

JIBU: Kabla ya yote, andikeni nani katunga na nani anapata asilimia ngapi, wote msaini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, lakini usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hurahisisha ushahidi mkigombana. Usajili wa wasanii uko BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Pelekeni kwa msambazaji wa mtandaoni (kampuni inayoweka nyimbo kwenye Spotify na kwingineko) wiki nne kabla ya wimbo kutoka: faili ya WAV, si MP3, na picha ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000, isiyo na namba ya simu wala nembo za mitandao, maana hizo hukataliwa. Msambazaji hutoa namba ya ISRC yenye tarakimu na herufi 12. Itunzeni, kwani ndiyo kitambulisho cha rekodi hiyo. Wahariri wa Spotify huombwa kuuweka wimbo kwenye orodha zao angalau siku 7 kabla haujatoka. Ukishatoka, mlango huo umefungwa.

Masta, yaani faili ya mwisho ya wimbo, isikandamizwe mno ili isikike kubwa. Spotify husawazisha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti; ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi). Ya kwenu ikiwa -7 itashushwa, na kishindo cha drams mlichokwisha kukiminya hakitarudi.

Jina la bendi liandikwe kwa herufi zilezile kila mahali. Kama kuna msanii mwingine mwenye jina hilo, mwambieni msambazaji mapema afungue ukurasa mpya, la sivyo singo itaangukia kwa mwenzenu, na kuihamisha huchukua muda, watu wakiitafuta wasiipate.