Uliza Mjomba: Wachezaji hewa wameua ligi yetu ya chesi

Wiki hii nina barua tatu na zote zinazunguka jambo moja. Nimeanza na ile ndefu kwa sababu aliyeandika kaeleza vizuri mno na hesabu zake kaleta.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi niko Tanga, nafanya kazi ya ufundi simu. Tuna grupu letu la WhatsApp la chesi, tulianza watu wanne tu tukafika zaidi ya thelathini, wengine wako Dar, wengine Mombasa, kuna mmoja yuko mpaka Uingereza huko. Mwezi wa tatu admini akaanzisha ligi, tukajiandikisha watu 12, kila mtu acheze na kila mtu, mechi zote zinafunguliwa siku moja na kila mtu ana siku 3 za kusogeza kete kwa kila hatua, zikiisha kapoteza mechi. Siku ya kwanza grupu lilikuwa moto Mjomba, watu wanatambiana, wanabandika picha za ubao usiku kucha. Wiki ya tatu watu watatu wakaingia mitini. Hawajaumwa, hawajasafiri, maana status wanaposti kila siku, meseji za grupu wanasoma, ila kete hawasogezi.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Wa kwanza alimaliza mechi 4 tu, na moja ya hizo alinifunga mimi, alinifunga kihalali sikatai. Wa pili alimaliza 3, mimi nilimfunga na hiyo mechi ilinichukua wiki mbili za kukesha. Wa tatu alimaliza 7, mimi na yeye hatukumaliza, muda ukamwishia nikapewa pointi. Mpinzani wangu wa karibu yeye alimfunga huyo wa tatu kwenye mechi ya kweli, lakini hao wawili wa mwanzo hawakumchezea hata kete tano, saa zao zikaisha, kapewa pointi 2 za mezani. Mimi na yeye tulitoka sare. Ligi imeisha ana 9 mimi nina 8, kachukua ubingwa. Nimemwambia admini siyo haki, ananijibu saa ikiisha imeisha. Sheria ya watu kama hawa haikuandikwa popote. Nimekasirika Mjomba nataka kutoka kwenye grupu, nifanyeje?
Mchovu wa Kusubiri, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hasira yako naijua mpaka ilipo. Na mimi nimewahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kabla hata sijaenda msalani nikachukua simu kuangalia kama mtu kasogeza, nikakuta saa yake inasoma siku 2 na saa 3, jana yake ilikuwa siku 3 na saa 3, na mwenyewe hapo juu kijani kinawaka yuko onlaini anacheza mechi za dakika tatu na watu wengine. Mechi yenyewe nilikuwa nimeipanga wiki nzima, nina farasi kakaa pazuri, nangoja hatua moja tu kutoka kwake. Haikuja. Saa ikaisha nikapewa ushindi na sikuufurahia hata dakika moja, maana niliutaka ule ubao siyo ile pointi.

Kwa hiyo usikubali mtu akwambie ni mchezo tu wa simu. Muda wako ulioutoa ni wa kweli.

Sasa twende kwenye hesabu maana hapa ndipo watu wengi hawaoni ukubwa wa tatizo. Watu 12 wakicheza kila mtu na kila mtu zinatoka mechi 66. Wakitoka watatu wanabaki 9, na watu 9 mechi zao ni 36. Yaani watu watatu tu, robo ya ligi, wamegusa mechi 30 kati ya 66, karibu nusu ya ligi nzima! Ndiyo maana ulihisi ligi imekufa, haikuwa hisia tu, imekufa kweli. Ukiwa na makundi mawili ya watu 6 kila kundi lina mechi 15, mtu akipotea anaharibu 5 za kundi lake na kundi la pili halijui kilichotokea.

Kuhusu pointi zako, hili jambo watu wa chesi walishalimaliza zamani, halikuanza na WhatsApp. Kwenye kanuni za FIDE, lile shirikisho la chesi la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, mashindano ya kila mtu na kila mtu yana kipimo cha nusu. Mchezaji akijitoa kabla hajamaliza nusu ya mechi zake, matokeo yake yanabaki kwenye jedwali kama kumbukumbu lakini pointi alizopata na pointi walizopata wengine kutoka kwake hazihesabiwi kwenye msimamo, ni kama hakuwepo. Akiwa kamaliza nusu au zaidi, mechi alizocheza zinahesabiwa na zile ambazo hakucheza wapinzani wake wanapewa ushindi. Ukiielewa sababu yake utaipenda, mtu aliyecheza na wachache hatakiwi kuamua bingwa kwa kuwafunga baadhi na kuwagawia wengine bure.

Tuipige kwenye ligi yenu. Kila mtu ana mechi 11, nusu ni tano na nusu, kwa hiyo kuanzia 6 ndiyo kavuka. Wa kwanza ana 4, anafutwa, ile uliyofungwa haina kazi tena. Wa pili ana 3, anafutwa, na hapa mdogo wangu jikaze kwa sababu ule ushindi wako wa wiki mbili za kukesha unaondoka nao. Wa tatu ana 7, anabaki, wewe pointi yako ya mezani halali na mwenzako ushindi wake halali. Wewe unashuka kutoka 8 mpaka 7, yeye anashuka kutoka 9 mpaka 7. Mmelingana pointi. Na mlipokutana mlitoka sare. Yaani ligi yenu kwa kipimo hicho haina bingwa mpaka sasa, ina watu wawili wanaostahili kukaa mezani tena.

Lakini sikiliza, hii haikupi ruhusa ya kwenda kumvua mtu ubingwa. Sheria hamkuiandika mwanzo, na yule mwenzako hakuiba kitu, alicheza alipopangiwa na saa za watu zikaisha zenyewe. Kubadilisha kanuni wakati msimamo umeshatoka ni kubaya kuliko wale walioingia mitini. Mimi ningekuwa wewe ningemtafuta yeye inbox, siyo kwenye grupu, siyo admini kwanza. Mwambie hesabu hiyo kama nilivyokuandikia, umwombe mechi mbili, kila mmoja aanze na nyeupe mara moja, dakika 15 kila mtu, jioni moja tu. Akikubali grupu zima litakuja kuangalia. Akikataa, mpe hongera yake kwa moyo mmoja na ubaki kwenye grupu, maana mkitoka nyie mnaosogeza kete watabaki wale wanaoposti status.

Na admini wenu mpelekee haya kabla ya msimu ujao. Siku 3 kwa kila hatua inaonekana ndogo ila mechi ya hatua 40 kila mmoja akitumia siku zake zote inafika siku 240, miezi minane! Ndani ya miezi minane mtu anahama mji, anaoa, anabadilisha kazi, simu inaibiwa. Kwa ligi ya marafiki siku 1 au 2 zinatosha, ukiweka na nafasi ya kuomba ruhusa. Lichess, tovuti ya kuchezea chesi ambayo ni ya bure tangu ilipoanza mwaka 2010, inakuruhusu kuchagua kuanzia siku 1 mpaka 14, siyo lazima muende na 3 kwa sababu kila mtu anaenda na 3. Au mkitaka kubaki watu wengi pamoja chezeni mtindo wa Uswisi, ule uliotumika kwanza Zürich mwaka 1895, raundi chache, kila raundi unapangiwa mwenye pointi zinazokaribiana na zako. Uzuri wake mtu akipotea raundi ya tatu, raundi ya nne hapangwi tena, kamwumiza mtu mmoja badala ya kumi na moja. Kwenye mashindano ya Uswisi ya Lichess ukijiunga afu usitokee kwenye mechi yako unafungiwa kwa muda usijiunge na mengine. Na Chess.com, tovuti nyingine ya chesi, kwenye profaili ya mtu wanaonyesha asilimia ya mechi za siku nyingi alizopoteza kwa muda kuisha, admini aangalie hiyo namba kabla hajaandika jina la mtu, dakika moja tu.

Nina kitu kimoja nakikumbuka kila nikisoma barua kama yako. Kijiweni kwetu tulikuwa tunacheza drafti ubao wa mbao, kete ni vizibo vya soda, upande mmoja vimekaa chali upande mwingine vimelala kifudifudi. Mtu akiitwa nyumbani katikati ya mchezo anainuka anasema nakuja, watu wanamjibu tunakusubiri au tukae? Akisema kaeni, mwingine anakaa na mchezo unaanza upya, hakuna ugomvi. Kila mtu anaona kigoda kiko wazi. Onlaini kigoda hakionekani, jina lipo na picha ipo inatabasamu, mwenyewe hayupo, na hakuna wa kumuuliza lile swali. Admini ndiye anayetakiwa kuliuliza kila wiki. Tunakusubiri au tukae? Mtu ajibu. Asipojibu siku tatu, watu wakae.

SWALI: Asalaam aleikum Mjomba. Mimi ndiyo hao mnaowasema. Niko Muscat, nafanya kazi za ndani, nilijiunga na ligi ya wenzangu wa nyumbani nikiwa na nafasi, afu wageni wakajaa kwa bosi, simu naishika saa sita usiku macho yanafumba. Mechi 5 zikanikalia, nikaona aibu, nikawa naogopa hata kufungua apu. Sasa mwezi umepita. Nikirudi watanitukana?
Aliyepotea, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Kazi ya usiku na mchana naijua inavyokula mtu, na nakushukuru umeandika, maana wengi wenu hamuandiki na sisi tunaosubiri tunabaki kudhani mmetudharau.

Fanya leo hii kabla ya kulala. Fungua hiyo apu, mechi yoyote ambayo saa bado inatembea na unajua hutaicheza, jisalimishe. Kitufe cha bendera, bonyeza, thibitisha, basi. Kumsalimishia mtu ubao ni heshima, anajua mechi imekwisha anaendelea na maisha yake. Afu mwandikie admini sentensi mbili, kazi imebadilika, naomba nitolewe msimu huu. Usijieleze sana, hudaiwi maelezo ya nyumba ya bosi wako.

Hata wale wakongwe wa chesi ya posta, waliokuwa wanatumiana kete kwa kadi kutoka nchi hadi nchi, shirikisho lao ICCF lipo tangu 1951, wanatofautisha mtu aliyejitoa kwa taarifa na mtu aliyenyamaza. Aliyetoa taarifa mwenye sababu anaeleweka. Aliyenyamaza anaadhibiwa. Wewe bado una nafasi ya kuwa wa kundi la kwanza hata kama umechelewa mwezi. Kuna atakayekusema, mmoja au wawili, waache. Wengi watakuuliza tu lini unarudi.

Na ukipata nafasi tena usichukue mechi 11, chukua moja na mtu mmoja unayemwamini.

SWALI: Mjomba habari. Mimi naendesha ligi ya chesi Mombasa, sisi tumechoka na wanaojiandikisha kisha wanapotea. Wenzangu wanasema kila mtu atoe shilingi 200 kwa M-Pesa, akimaliza mechi zake zote anarudishiwa, akipotea zinaenda kwa zawadi. Wewe waonaje?
Admini, Mombasa

JIBU: Naona mnatafuta dawa na hilo ni jema, lakini mimi siipendi hiyo. Mwenye nazo ataona 200 si kitu, atapotea akiwa na amani kabisa kwa sababu kalipia. Anayeumia ni kijana ambaye bando limemwishia wiki mbili, yule ambaye ndiye mnayemtaka kwenye ligi. Halafu pesa za watu zikishakaa kwenye simu yako, siku ya kurudisha kutakuwa na maneno, na wewe ulikuwa unataka kucheza chesi tu.

Jaribu hivi kwanza. Kabla ya ligi fungua wiki moja ya mazoezi, kila aliyejiandikisha apewe mechi moja tu ya siku 1 kwa hatua. Asiyesogeza kete ndani ya hiyo wiki jina lake halipangwi, mwambie kistaarabu atakuja msimu ujao. Wengi wa kupotea wanapotea mapema, utawajua hapo hapo kabla hawajagusa mechi ya mtu. Weka na watu wawili wa akiba, akitoka mtu kabla ya mechi yake ya pili kumalizika wa akiba anaingia mahali pake na mechi zinaanza upya. Na ile kanuni ya nusu niliyomweleza wa Tanga hapo juu iandike kwenye maelezo ya grupu kabisa, tangu siku ya kwanza, kila anayejiunga aisome kabla hajatuma jina.

Na lile swali la kila wiki nililomwandikia wa Tanga, tunakusubiri au tukae, litume Jumapili saa mbili usiku. Asubuhi watu wako njiani, wanasoma wanasahau.