Kaseti za harusi ya wazazi: usikate kitu

Mdogo wangu, umeuliza kama ukihamishia kwenye kompyuta zile VHS (kaseti za video) za harusi ya wazazi wako, Tanga 1991, ubakize ndoa tu uache saa nzima ya wapishi uani. Nakuomba usiache. Tanzania Bara ilipata kituo cha televisheni mwaka 1994, miaka mitatu baada ya harusi ile. Uani kwenu siku ile huenda hakuna mwingine aliyepapiga picha. Mle mna sufuria za pilau juu ya mafiga, maandishi ya kanga, watoto wakifukuzana, na lafudhi ya bibi yako. Ndoa ni dakika chache.

Kabla ya kucheza, chungulia dirisha la kaseti. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, ni ukungu: usiiweke kwenye deki, mpelekee fundi aisafishe. Vunja kile kipande cha plastiki cha ubavuni ili isirekodiwe juu yake.

Kisha kaa na shangazi zako, simamisha picha, uliza huyu nani, rekodi majibu yao. Wangali hai, fanya mwezi huu. Na zile sehemu za ukumbi wa wanawake, walikovua mabuibui wakacheza, usizirushe mtandaoni bila ridhaa yao.