Binti mgongo umepinda: pimeni nyuzi sasa, msisubiri korosho

Dada uliyeleta uzi kutoka Tandahimba, umesema binti yako wa miaka 13 bega moja limepanda, mbavu za kulia zimetokeza mgongoni, bibi yake anataka apelekwe kwa mchuaji, na hospitali mtakwenda mkishalipwa hela ya korosho. Nakuomba usisubiri. Binti yangu amefanyiwa upasuaji wa tatizo hilohilo, na sisi tupo hapa Mtwara mjini.

Kwanza lawama ziishe nyumbani. Si ndoo ya maji, si begi la shule. Kwa watoto wengi wa umri huu chanzo hakijulikani. Kuchua nako hakunyooshi kitu, maana pingili hazijainama upande tu, zimejinyonga pia. Ndiyo sababu akiinama mbele upande mmoja wa mgongo unainuka kuliko mwingine.

Kinachoamua matibabu ni nyuzi za mpindo, yaani ukubwa wa pembe ya kupinda, na kiasi cha kukua kilichobaki. Mtoto apigwe eksirei ya mgongo mzima akiwa amesimama. Daktari wetu aliibandika kwenye taa, akapiga mstari wa penseli juu ya pingili ya juu iliyoinama zaidi na mwingine chini ya ile ya chini, akapima pembe. Chini ya nyuzi 25, mara nyingi ni kufuatilia tu. Kati ya 25 na 40, kama bado anakua, kuna mkanda mgumu wa plastiki. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2013 ulionyesha unawaepusha wengi na kisu, hasa wanaouvaa saa nyingi kwa siku. Wa kwangu alishapita 50. Hapo mkanda hausaidii tena, na mpindo mkubwa hivyo huendelea kuongezeka hata ukubwani.

Ndiyo maana nakuuliza: ameshavunja ungo? Kama bado, au ni juzijuzi, mwili una kukua kwingi mbele yake na mpindo unaweza kuongezeka haraka ndani ya miezi michache. Ni miezi hiyohiyo unayotaka kuimaliza ukingoja mnada wa korosho.

Kuhusu upasuaji wenyewe: wanampa nusu kaputi, analazwa kifudifudi, wanafungua katikati ya mgongo, wanakaza skrubu kwenye pingili na kupitisha fito mbili za chuma. Wananyoosha kadiri inavyowezekana bila kuumiza mishipa ya fahamu, kisha wanapanga vipande vya mfupa ili pingili zile zishikane ziwe kitu kimoja. Kwa kawaida vyuma hubaki humo. Sehemu ile haipindi tena, lakini kiuno na nyonga zinaendelea na kazi.

Hofu ya kupooza sikulaumu nayo. Hatari ni ndogo, ila ipo, sawa na damu kupotea na kidonda kuingia wadudu. Muulize daktari waziwazi watafuatiliaje mishipa ya fahamu wakati wa kunyoosha, na damu imeandaliwa kiasi gani. Binti yetu alipozinduka, neno la kwanza la daktari lilikuwa, "Chezesha vidole vya miguu." Vikacheza. Mke wangu alikaa palepale sakafuni akalia.

Wiki za mwanzo maumivu ni makali, nisikufiche. Kitandani anageuzwa mwili wote kwa pamoja. Walimsimamisha mapema sana, tofauti na tulivyodhani. Kurudi Mtwara tulikodi gari badala ya basi, tukawa tunasimama njiani, Somanga, Nangurukuru, ashuke atembee kidogo. Ndoo kichwani alikatazwa kwa miezi mingi.

Anzia Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo, uombe rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Kama hela haitoshi, pita ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali kabla hujauza chochote. Ukipata eksirei, andika hapa nyuzi ni ngapi, nikusaidie maswali ya kumuuliza daktari.